Garanti ya Viti Visivyokaliwa

Wiki jana nilikuwa kwa muuzaji wa magari makuukuu mjini Migori alipoingia mama mmoja, mchuuzi wa samaki kutoka Homa Bay, vumbi hadi kwenye nyusi. Pikapu aliyonunua pale juzijuzi ilikuwa imekufa giaboksi njiani, pale Rodi Kopany, na samaki wake wote wakaoza. Hata hivyo alikuja na imani, kwa sababu juu ya bei ya gari alikuwa amelipia pia garanti ya mwaka mzima.

Muuzaji akakunja mikono kifuani. "Mama, garanti yetu haishiki vitu vinavyozunguka."

"Omera, ndugu yangu, gari lina nini kisichozunguka? Umenilindia viti?"

"Viti, ndiyo. Kama havijakaliwa."

Nilidhani anatania. Wapi! Mama akatoka nje, akawaendea wanunuzi waliokuwa wakikagua magari uani, akawasimulia yote kwa Dholuo, polepole, neno kwa neno. Wakaanza kuondoka. Hajamaliza, muuzaji akatoka mbio akimwita fundi.

Ukinunua gari kuukuu huku kwetu, garanti waachie wenyewe. Nenda na shangazi mwenye sauti.