Kalamu Niliyowaazima

Siku yangu ya kwanza kazini karani alinipa ufagio, ndoo na jina la mtu. Ilikuwa mahakama ya mwanzo, huko Kilwa. Nilikuwa mwanamke niliyeachika, darasa la nne, sijui kwamba mhudumu wa mahakama ndiye anayeita kesi. Unasimama mlangoni, unaita jina mara tatu. Mtu asipoitika hakimu anaandika hayupo, na shauri linaweza kufia hapo hapo. Basi nikaita, kwa sauti ya kumwamsha mgonjwa.

"We Somoe," karani akasema, "unamwita au unambembeleza? Ita kama unafukuza ngedere kwenye mihogo!"

Barazani wakacheka. Nikaita tena, wakanyamaza. Sauti hiyo ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu.

Nilihamishwa mara mbili. Kituo cha mwisho kilikuwa mahakama ya wilaya, mji wake siutaji. Kesi za kubaka zinasikilizwa huko, mahakama ya mwanzo haina uwezo nazo. Ikiwa ya mtoto, inasikilizwa faragha: watu wanatolewa, mhudumu anafunga mlango na kukaa nje. Kwa hiyo sheria nimejifunza kwa kuisikia kupitia mlango.

Nilichosikia ni hiki. Sheria ya Ndoa, ile ya mwaka sabini na moja, inamruhusu baba kumwoza binti wa miaka kumi na tano. Na sheria ya makosa inasema aliye chini ya kumi na nane hata akikubali amebakwa, isipokuwa awe mke wa huyo mtu na ametimiza kumi na tano. Hilo "isipokuwa" ndilo tundu. Wanaume wazima na ndevu zao wanapenya hapo.

Mimi nilipitishiwa hapo hapo. Ilikuwa kijijini Tingi, naokota korosho, Bakari Mkwinda akanikamata akaniingilia kwa nguvu. Nilikuwa na kumi na tano. Baba akasema tufute aibu, na wiki iliyofuata nikawa mke wa Bakari. Polisi hawakuwa na la kuuliza tena. Miaka tisa nimelala nyumba moja na mtu yule.

Sasa kuna binti mmoja, kesi yake ililetwa kituo hicho cha mwisho. Jina lake siliandiki. Hata kwenye jalada la kesi waliweka herufi tu. Alikuwa na kumi na tano pia. Mshtakiwa alikuwa Issa Lipande, mwenye duka, na kosa lilitendeka ndani ya Mfungo wa Ramadhani. Asubuhi ya siku ya ushahidi, kaka yake Issa, Rashidi Lipande, alikuja na baba wa binti wakakaa kwenye benchi langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hebu tuazime kalamu, yangu imekauka."

Nikampa Rashidi ile ya kusainia barua. Akatoa cheti cha ndoa, akakiweka gotini. Muhuri umeshapigwa, nafasi ya tarehe iko wazi.

"Niweke lini, mzee?"

"We weka kabla ya Mfungo," baba mtu akajibu, anaangalia viatu vyake.

Rashidi akaandika, akapuliza wino, akanirudishia. "Ahsante mama, Mungu akuweke."

Nikamkimbilia mwendesha mashtaka. "Mheshimiwa, kile cheti kimeandikwa sasa hivi, kwa kalamu yangu hii."

Akanitazama juu mpaka chini. "Uko tayari kuapa uyaseme hayo mbele ya hakimu?"

Nikawaza wakili wao ataniuliza, na wewe mama uliolewaje? Nikawaza kazi yangu. Nikasema, "Mimi mhudumu tu, baba."

"Basi nenda kaite kesi."

Nikaita. Binti akaja, wamemvisha buibui la mtu mzima, linaburuzika chini. Mlangoni akanishika mkono.

"Mama, nikisema sikuolewa wataniamini?"

"Sema kweli, mwanangu," nikamwambia, na kalamu iko mfukoni mwangu.

Akasema kweli. Nilimsikia kupitia mlango. Halafu nikamsikia baba yake akiapa kwamba alimwoza kabla ya Mfungo, kwa ridhaa yake yeye baba mtu. Siku ya hukumu hakimu alisema cheti kipo, baba amethibitisha, na hakuna shahidi aliyekipinga zaidi ya binti mwenyewe. Issa akaachiwa. Binti hakutoka na mama yake. Alitoka na Issa.

Siku hizi nakaa Mitwero, nalima mihogo. Ile Sheria ya Ndoa ni rika langu, tumezaliwa mwaka mmoja. Mimi nimestaafu, yenyewe bado inakwenda kazini kila Jumatatu.

Lakini sauti ninayo. Asubuhi nikifagia uwanja wangu nasimama mlangoni na kuita, majirani wamezoea. Bakari Mkwinda, mara tatu: hayupo. Issa Lipande, mara tatu: hayupo. Rashidi Lipande, mara tatu: hayupo.

Somoe Mtula, mwenye kalamu. Huyo simwiti mara ya pili. Yupo.