Picha Iliyofunikia Karafuu

Saa nane na dakika ishirini mchana, tukiwa bado Chake Chake, niliona wingu zito limesimama upande wa Vitongoji. Nyumbani hakukuwa na mtu. Mke wangu alikuwa Chokocho kwenye matanga ya shangazi yake. Uani nilikuwa nimeanika karafuu zetu juu ya jamvi, na pembeni yake picha yangu kubwa ya turubai, imelazwa chini, rangi ya juu ingali mbichi.

Mnunuzi nilikuwa naye garini. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Unguja, anayetafuta picha za kupamba hoteli, na alivuka siku hiyo kuja kuiona picha hiyo moja. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwauzia wageni minara na mashua. Hakuna aliyewahi kununua kwangu picha isiyo na umbo la kitu. Nilimwomba dereva aongeze mwendo.

"Kwani ndani yake mna nini, yakhe?" aliuliza dereva. "Mna mtu?"

"Hamna. Mna rangi tu."

"Sasa kama hamna mtu, anayeogopa kurowa nani?"

Mnunuzi alicheka, kisha akaniuliza nilijifunza wapi. Nilimweleza, jicho likiwa kwenye wingu. Nilianza na kitabu cha michoro kisicho na jalada, nilichokipata kwenye mitumba. Nilikinakili ukurasa kwa ukurasa kwa miaka miwili, na nilipomaliza nikaona hakuna langu hata moja mle ndani. Langu nililipata kwa mama. Yeye alikuwa akitia rangi ukindu wa mikeka, na kila fungu alilichovya kwa kipimo, akihesabu kwa dhikri, hata wekundu wa chungu kimoja ukatoka wa daraja nne. Nami huchora mistari mipana, nikipaka tabaka jembamba juu ya jembamba, na silipaki la pili kabla la kwanza halijakauka. Safari hii la mwisho nililichanganya na masizi ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Kwa masizi yale rangi ikachelewa kukauka, ndiyo maana nikaitoa picha juani.

"Na unataka mtu aone nini?"

"Nataka akae nayo kama tunavyokaa na karafuu juani. Hakuna linalotokea, na kila saa rangi si ile."

Matone ya kwanza yalipiga kioo tulipoingia Vitongoji. Kila ua watu walikuwa wakikimbia. Kwetu mvua ikija hakuna anayeuliza karafuu hizi za nani. Aliye karibu huanua. Nililikumbuka hilo, na badala ya kunituliza likanitia hofu: atakayeanua karafuu angeigusa na picha mbichi.

Ua wetu ulikuwa mtupu. Barazani alikaa bibi jirani, kanga zimemganda mwilini, mbele yake furushi kubwa.

"Nshakuanulia, mwanangu! Hata moja haikurowa. Jamvi lako lina matundu, nikaona hili turubai zito, lina mafuta mafuta, nikazimimina humo nikafunga."

Nililifungua furushi. Karafuu zilikuwa zimenasa kwenye rangi kwa mamia, na pale turubai lilipokunjwa mistari yangu ilikuwa imevurugana kuwa tope moja. Nikageuza uso. Ng'ambo ya ua niliona jamvi lake yeye, limejaa maji, karafuu zake zinaelea. Alikuwa ameanza na zangu.

"Ahsante sana, Bi mkubwa," nilisema. "Mungu akulipe."

Mnunuzi alipiga magoti akanusa. "Kaka, usiguse kitu! Iache hivihivi. Mgeni akiingia tu mlangoni asikie harufu, ajue yuko Pemba. Nakuongezea bei."

"Hee! Kumbe picha?" bibi alisema. "Basi na mimi nimechora! Nipatie changu." Alicheka, kisha akanitazama na kicheko kikakatika. "Au nimekuharibia?"

Wote wawili walinisubiri. Kama ningesema ndiyo kwa mnunuzi, bibi angelala kwa raha na mimi ningekuwa na fedha. Lakini kilichokuwa mbele yangu kilikuwa kibao cha kutangazia kisiwa, mnara na mashua kwa jina jingine, na chini yake lingekuwa jina langu. Nilitafuta maneno yasiyomgusa mtu mzima aliyerowa kwa ajili yangu.

"Hii siuzi, bibie," nilimwambia mnunuzi. Kisha nikamgeukia bibi. "Hukuharibu. Haijakauka tu."

"Si ataingoja ikauke?"

"Hana nafasi, Bi mkubwa. Ana boti ya kuwahi."

Mnunuzi alisimama, akajipangusa magoti. "Unajua unachokikataa?"

"Najua."

Alirudi garini. Gari lilipoondoka, bibi alivuta kigoda akaketi nami, tukazibandua karafuu moja moja hadi adhana ya magharibi. Mara mbili alisimamisha mkono akanitazama, na mara mbili nikamwuliza habari za wajukuu.

Karafuu zote tuliziokoa, isipokuwa kiasi cha pishi moja zilizopakaa rangi. Kwa picha nilipoteza shilingi milioni moja na laki mbili.