Dude la Besi na Pembe ya Mzee Mbwambo

Mpaka leo kuna njia moja kijijini kwetu ambayo siipiti kama naweza kuizunguka, ile inayopita kando ya bwawa la ndiva, maana nikipita pale lazima atokee mtu aweke ngumi mdomoni aige mlio wa pembe, uuuuu, halafu aangue kicheko, na mara nyingine anayeniigizia ni mtu ambaye siku yenyewe hata hakuwepo. Siwalaumu. Aibu niliyoipata pale niliijenga mwenyewe kwa mikono yangu, na ninyi mkinisikia hadi mwisho mtacheka tu, chekeni, nimeshazoea.

Mimi ni Elibariki. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma Same mjini, mageti na madirisha, na mwisho wa wiki napanda milimani kwa mama. Kwaya ya kwetu ina kinanda, ina gitaa la solo la rafiki yangu Zaka, na mimi nilikuwa nimejifunza gitaa la besi muda mrefu bila amplifaya, nikilaza sikio juu ya ubao wa gitaa ili nisikie ninachopiga (jaribuni siku moja, mtajua mapenzi ni nini). Nilichokitaka kuliko kitu chochote wakati ule ni kuipigia kwaya ile besi.

Kikwazo kilikuwa Mzee Mbwambo. Huyu ndiye kiongozi wa sauti ya nne, zile sauti nzito za wanaume, na tangu mama yangu ni msichana yeye ndiye amekuwa chini ya kila wimbo. Aliposikia kuna kijana anataka kuleta gitaa la besi aliuliza mbele ya wote, "Sasa na mimi nitafanya kazi gani, niwashikie viatu?" Mwalimu wetu wa kwaya, Mama Nakundwa, ambaye ni mpole lakini akisema amesema, akakata shauri: Jumamosi jioni nije na gitaa na amplifaya, nipige, mzee asikilize. Akikubali naingia, akikataa basi, yasisemwe tena.

Na mzee huyu ana kazi nyingine, ndiye mpuliza pembe. Kwetu, ndiva (lile bwawa la wazee wetu la kukusanyia maji ya mashamba) ikijaa matope, au mfereji ukibomoka, unaitwa msaragambo, kijiji kizima kinatoka kufanya kazi, na hauitwi kwa simu, unaitwa kwa pembe asubuhi, mlio mrefu, kimya, mlio mrefu tena. Ukisikia unabeba jembe kwanza, maswali utauliza ukifika. Asiyefika anatozwa faini, na jina lake linatajwa mpaka alichukie.

Basi, ikabidi ninunue amplifaya. Zaka, ambaye ameanza mambo haya kabla yangu, alinishauri vizuri kabisa. "Ya kuanzia chukua ndogo," alisema. "Chumbani inakutosha, na sisi tukikaa barazani kupiga pamoja itasikika vizuri. Kubwa utaijutia, ukiipunguza inakufa, ukiiongeza inaua." Niliingia dukani na maneno hayo kichwani, naapa, na muuzaji akanitolea moja ndogo ya kubebeka kwa mkono mmoja, nikachomeka gitaa, nikapiga, sauti safi, tamu, kila noti inajieleza. Ningelipa pale pale nikaondoka, leo msingekuwa mnanisikiliza.

Lakini macho hayana pazia. Pembeni kulikuwa na dude moja, lina magurudumu, linanifika kiunoni.

"Na lile?" nikauliza.

"Lile ni la ukumbini, kaka. La harusi."

"Niwashie tu nisikie."

Nikagusa uzi mnene, ule wa juu kabisa, mara moja. Chupa ya chai ya muuzaji ikatembea juu ya meza. Watu waliokuwa wanapita nje, wamejifunika nyuso kwa sababu ya vumbi la upepo wa Same, wakasimama mlangoni, na dada mmoja aliyekuja kununua chaja akasema, "Hee! Huyu kaka anajua!" Nikaisha. Sisi Wapare tunasemwa nchi nzima kwamba ni wabahili, na nawaambieni, laiti siku ile ningekuwa bahili nusu tu ya tunavyosingiziwa, ningeokoka.

Dude likapanda mlima nyuma ya gari la mkaa. Mama alilitazama likishushwa, akalizunguka, akauliza, "Hili ni friji?" Chumbani halikuenea popote isipokuwa mbele ya dirisha, na dirisha langu linatazama bonde zima (mkae mnalikumbuka dirisha hilo).

Jumamosi asubuhi nikaamka na hamu. Nikawasha, nikazungusha vile vifundo vya sauti kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachokizungusha, nikapiga noti mbili, umeme ukakatika. Kwetu umeme ukikatika hakuna anayeshangaa, tunashangaa ukikaa. Nikaliegemeza gitaa kwenye amplifaya, nyuzi zimeitazama spika, sikuzima, sikuchomoa (unachomoaje kitu ambacho kimeshazimika?), nikavuka kwenda kwa akina Zaka, ng'ambo ya bonde, kunywa chai.

Tuko kwenye mihogo, tukasikia. Uuuuuuuu. Kimya. Uuuuuuuu. Kimya.

"Msaragambo," akasema mama yake Zaka, akaweka kikombe chini.

Sasa oneni ujinga ulivyo mtamu: hata mimi sikujua. Mimi mwenye dude! Niliazima jembe nikatoka mbio, tena nimefurahi, nikijisemea kwamba Mzee Mbwambo akinikuta wa kwanza ndivani ataona kijana ana adabu, na jioni atanisikiliza kwa moyo mweupe.

Watu walikuja siku ile, jamani. Walikuja hata wa kitongoji cha chini, wale ambao pembe huwa "haiwafikii". Mama Nakundwa alikuja amejifunga kanga kiunoni, jembe begani. Tukasimama kando ya ndiva tunamngoja mwenye pembe atuambie kazi ni ipi, na mwenye pembe akatokea wa mwisho kabisa, anatembea polepole, pembe mkononi, uji bado uko kwenye masharubu.

"Shikamoo babu," tukamwamkia.

"Marahaba. Nani ameita?"

Watu wakatazamana. "Si wewe, mzee?" akajibu mmoja.

"Mimi nilikuwa nakunywa uji. Pembe ilikuwa ukutani."

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Umri huo," na mwingine akaguna. Mzee akasikia. Akaitazama ile pembe, akaigeuza, kama mtu anayeiuliza. Na mimi, badala ya kufunga mdomo wangu, nikaona hapa ndipo pa kuchangamsha watu.

"Babu, labda umepuliza ukasahau," nikasema kwa sauti. "Si neno, sisi tumeshafika!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akasema taratibu, "Inawezekana."

Neno lile lingetosha kumnyamazisha mtu mwenye akili. Mimi nikaongeza, "Besi imechoka, babu, inataka msaidizi!" na nikamkonyeza Mama Nakundwa, ambaye hakunirudishia chochote.

Ndipo ikalia. Uuuuuuuuuuuu. Ndefu kuliko zote za asubuhi, na Mzee Mbwambo amesimama mbele ya kijiji kizima, pembe inaning'inia mkononi mwake, mdomo umefungwa. Shingo zote zikageuka pamoja kuangalia juu mlimani, na nilipogeuza yangu nikaona zinatazama kwetu, na njiani anateremka mama yangu, ndala mguu mmoja, anapiga kelele.

"Elibarikiii! Njoo uzime dude lako! Linanguruma lenyewe! Kuku wote wamekimbilia kwa jirani, na makande yangu nimeyamwaga!"

Maelezo nilikuja kuyapata baadaye kwa Zaka, kwamba umeme ulikuwa unarudi na kukatika, na kila ukirudi spika inatikisa nyuzi, nyuzi zinairudishia spika sauti, zinachocheana hivyo hivyo mpaka unakuwa mlio mmoja mzito, nao unatoka dirishani kwenda bondeni. Lakini pale ndivani hakuna aliyehitaji maelezo. Kicheko kilichotoka nadhani hata Makanya, kule chini tambarare, walikisikia. Watu walikaa chini. Wengine waliegemea majembe, wakalia machozi.

Aibu ya kuchekwa naijua, unaivumilia inapita. Iliyonikata ni nyingine. Mzee Mbwambo hakucheka wala hakunigombeza, alitabasamu kwa mbali akasema, si kwangu, kwake mwenyewe, "Kumbe sijasahau." Na nikaona jinsi alivyopumua. Nilitamani ndiva inimeze.

Kisha akawageukia watu. "Pembe ikilia, jembe halirudi nyumbani kavu. Matope yapo. Na aliyeita ndiye anayetangulia."

Nikakimbia kulichomoa dude, nikarudi, nikatangulia. Matope ya ndiva yanaanzia kwenye goti, na nilikuwa nimevaa suruali yangu nyeupe ya kwaya, niliyoivaa mapema ili nijione ninavyokaa nayo na gitaa (msiniulize). Tulichota matope mpaka jua likasimama utosini, na kila aliyenipita alisema, "Elibariki, tuongezee wimbo."

Jioni nilitaka nisiende. Mama akaniambia, "Uliita kijiji, sasa jipeleke." Tukalisukuma dude na Zaka mpaka kanisani. Nikawasha, nikagusa kifundo kidogo tu, vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka, nikarudisha nyuma, sauti ikafa, nikaongeza unywele mmoja, vioo tena. Katikati hakuna. Mama Nakundwa akaziba masikio, akainua mkono. "Zima, mwanangu." Nikazima. Nikaanza kuvingirisha waya, nikijua imekwisha.

"Piga hivyo hivyo," sauti ya Mzee Mbwambo ikasema.

"Bila amplifaya, babu? Haitasikika."

"Mimi niko hapa. Nitasikia."

Akaja akasimama karibu yangu, akainamisha sikio juu ya ubao wa gitaa, vile vile nilivyokuwa nikifanya mimi kitandani kwangu, kisha akaanza kuimba. Nikamfuata. Mwanzo nilikandamiza nyuzi kwa nguvu, halafu nikagundua nikizidi namfunika, nikipungua anabaki peke yake, nikatafuta mahali pa kukaa chini ya sauti yake, na nilipopapata nilisikia raha ambayo dude lile halikunipa hata mara moja. Wimbo ulipokwisha nikamwambia, "Babu, nisamehe kwa maneno ya asubuhi." Akamgeukia Mama Nakundwa.

"Kijana anafaa. Dude halifai." Halafu kwangu, "Kalete linaloniacha na mimi nisikike."

Nililirudisha Same. Muuzaji aliuma mdomo asicheke, akanipa lile dogo, ambalo sasa liko kando ya kitanda changu, na Jumamosi linakaa nasi barazani tukipiga na Zaka, na mama anapika makande yake hayamwagiki. Kwa hiyo nawe unayetaka kununua amplifaya ya kwanza, usiulize sauti yake itafika wapi, uliza nani atakuwa amekaa karibu nawe. Chomoa waya umeme ukikatika. Na mzee wa watu usimtanie kabla hujahakikisha kelele si za kwako. Mimi hayo yote nimeapa, na sijarudia.

Wiki iliyopita pembe ililia tena. Nilishtuka, nikaruka kwanza kuangalia waya wangu, umechomolewa, nikashukuru Mungu. Sijamaliza kuvaa viatu, simu ikaita. Alikuwa Mzee Mbwambo, anahema.

"Elibariki," akasema, "safari hii ni mimi. Beba jembe."