Kifo cha Mbeba Mlango

Fundi makochi alikuwa na kipaji kimoja kisichohusiana kabisa na makochi: alijua kuamua. Si nyumbani. Nyumbani aliulizwa kama chumvi imekolea, na hata hapo jibu lake lilihakikiwa kwa ulimi wa mtu mwingine. Wala si kazini, kwa sababu mteja huja na rangi yake kichwani, na ukimwambia kitambaa cheupe hakifai nyumba yenye watoto anakutazama kana kwamba umemtukania mama. Alijua kuamua Jumapili alasiri tu, katika chumba cha nyuma cha karakana yake, watu wazima walipoizunguka meza ya kukatia vitambaa, wamekalia makochi ya wateja yaliyovuliwa nguo, na kucheza mchezo wao wa mashujaa.

Katika mchezo huo mmoja anasimulia, wengine wanaishi ndani ya simulizi. Kila mchezaji ana shujaa wake kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, pumzi alizobakiwa nazo kabla ya kufa. Msimulizi anasema, "Mmefika darajani, na chini ya daraja kuna kitu kinahema." Wewe unasema shujaa wako anafanya nini, kisha dadu inasema kama amefaulu. Msimulizi wao alikuwa kinyozi wa duka la jirani, rafiki ambaye fundi makochi alikaa naye dawati moja tangu utotoni. Binamu wa fundi makochi, fundi umeme, alicheza mpiga upinde, na hakuna Jumapili iliyopita bila yeye kuitongoza dadu kwa maneno matamu kabla ya kuirusha.

Kitabu cha kanuni kilikuwepo, kinene, nakala ya nakala. Lakini kanuni hazijawahi kutosha mahali popote watu wanapokutana. Mtu asiyeonekana akinyeshewa mvua, anaonekana? Mchawi aliyegeuka kunguru anaendelea kuishikilia laana aliyoitamka akiwa na mdomo wa mtu? Siku moja walikifungua kitabu katikati ya vita wakabishana mpaka giza likaingia, joka la watu likiwa limeinua mguu mmoja hewani. Tangu hapo wakajiwekea desturi: kitabu hakifunguliwi mezani. Likizuka swali, Kinyozi anazifunika dadu kwa kikombe cha plastiki, wote wananyamaza, na fundi makochi anatoa hukumu. Kikombe kikiinuliwa, hukumu imekuwa sheria ya meza ile na haifukuliwi tena, hata kitabu kiseme nini kesho yake.

Wakamwita Hakimu. Alijifanya jina hilo halimkai, lakini aliishi kwa ajili ya ule ukimya. Kikombe kikishuka, mazungumzo yakikatika kama uzi, na nyuso zote zikimgeukia, alihisi amepewa kiti ambacho hakuna mteja angekuja kukichukua.

Kisha akaja mfamasia.

Alikuwa mwanamke wa rika lao, amefungua duka la dawa ng'ambo ya barabara. Kinyozi ndiye aliyemleta. "Jamani, huyu dada alicheza sana alipokuwa chuoni. Msimwonee." Hakimu mwenyewe alimchagulia kochi zuri, lenye springi mpya, na Jumapili ile ya kwanza alimpenda kama kila mtu alivyompenda. Shujaa wa mfamasia alikuwa mganga. "Mchana natibu watu, Jumapili napumzika kwa kutibu watu," alisema, na Binamu akacheka mpaka akamwaga chai.

Jumapili iliyofuata likazuka lile swali la mtu asiyeonekana kwenye mvua. Kikombe kikashuka. Hakimu akasafisha koo.

"Kitabu kinasema kwamba mtu asiyeonekana..."

"Samahani, kaka yangu," mfamasia alisema. "Naomba niulize kwanza. Hii kanuni iliwekwa imzuie nani?"

Pakawa kimya, lakini hakikuwa kimya cha Hakimu.

"Maana kama mvua haisaidii kitu, huyu mpiga upinde wetu atakuwa amekuja porini kuchuma uyoga. Naye apate la kufanya. Aone umbo, asione uso."

Kinyozi akajipiga paja. "Aone umbo, asione uso! Dada, ulikuwa wapi siku zote?" Akakiinua kikombe.

Kilichomchoma Hakimu ni kwamba jibu lilikuwa lile lile. Yeye pia angefika kwenye umbo bila uso, ila angepitia sura ya nne ya kitabu, akazunguka kwenye nyongeza, akarudi na ushahidi. Huyu alikata njia katikati ya shamba na kufika nguo zake zikiwa safi.

Toka hapo kijicho kikapata makao ndani yake, nacho hakikuwa mgeni wa fujo. Kilikaa kimya na kuhesabu. Kilimwonyesha jinsi Kinyozi, kabla kikombe hakijatulia mezani, alivyotupa jicho upande wa mfamasia kwanza, kidogo tu, kama mtu anayetazama dirishani. Kilimwonyesha kicheko cha Kinyozi, kile cha kuvutia pumzi ndani, ambacho tangu dawati lile kilikuwa mali ya Hakimu na sasa kilikwenda kwa mfamasia. Kazini alipiga misumari ikapinda. Alivuta kitambaa mpaka kikapasuka pembeni, akakilaumu kitambaa. Akavuka barabara kwenda kununua dawa ya kikohozi asichokuwa nacho, ili tu amsikie mfamasia akikosea jambo. Mfamasia alimsikiliza kifua kwa macho, akamwambia, "Kaka, huna kikohozi wewe. Kunywa maji, ulale." Akarudi karakana akikohoa njia nzima kwa hasira.

Sasa, Hakimu naye alikuwa na shujaa wake, na huyo hakuwa shujaa wa juzi. Alianza naye kabla binti yake mkubwa hajaota meno, na sasa binti huyo alikuwa anasuka nywele mwenyewe. Katika vita vyake vya kwanza shujaa yule alipoteza ngao, akang'oa mlango wa nyumba ya wageni na kupigana nao, na hakuwahi kuuweka chini tena. Wakamwita Mbeba Mlango. Mlango ule ulikuwa na alama za meno ya mbwamwitu, moto wa joka, na bawaba moja iliyolia kila alipokimbia, sauti ambayo Kinyozi aliiiga vizuri kiasi kwamba Hakimu aliwahi kuisikia usingizini.

Jumapili tunayoisema, mashujaa walikuwa ndani ya pango. Nyoka wa mawe alimwuma Mbeba Mlango begani. Sumu yake ilikuwa inakula pumzi moja kila zamu ya aliyeumwa inapoanza, na Mbeba Mlango alibakiwa na pumzi moja tu. Mganga wa mfamasia akavua pete yake ya umande na kumvisha. Pete ile ilikuwa inarudisha pumzi kadhaa, nayo ilifanya kazi zamu inapoanza.

"Zamu ya Mbeba Mlango," Kinyozi alisema. "Sumu inapanda shingoni..." Akaitazama pete kwenye karatasi, akaitazama sumu. Kikombe kikashuka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sumu na pete vilikuwa vinapiga hodi mlango mmoja kwa wakati mmoja. Sumu ikitangulia, mtu amekufa, na pete haifufui. Pete ikitangulia, anaishi. Kitabu hakikuwa na neno juu ya hilo, na Hakimu alijua hakina. Jibu lilikuwa tayari kinywani mwake: zamu ni ya nani? Basi mwenye zamu achague kinachotangulia. Alikuwa anavuta pumzi alitamke.

"Pete kwanza," mfamasia alisema, uso umemng'aa. "Zamu ni yake, achague mwenyewe."

Na mkono wa Kinyozi ukaenda kwenye kikombe.

Ni mkono ule. Kama Kinyozi angemtazama, hata kwa adabu tu, hata kwa kope, pengine mambo yangekwenda vingine. Mkono ulikwenda bila kumngoja, kama vile kochi lake lilikuwa tupu.

"Subiri," Hakimu alisema. "Sumu iliingia mwilini kabla ya pete kuingia kidoleni. Kilichotangulia kuingia hutangulia kufanya kazi."

Walimgeukia wote. Kumbe ukimya wake ulikuwa bado upo.

"Hakimu," Binamu akasema taratibu, kama anayeongea na mtu aliyesimama juu ya paa, "unajua anayekufa hapo ni wewe?"

"Sheria haina binamu."

"Ina akili lakini?"

Mfamasia aliinama mbele. "Kaka, mimi nilikuwa nakutetea wewe."

"Sijaomba wakili."

Kinyozi alimtazama sasa, kwa muda mrefu, jinsi anavyomtazama mteja anayetaka kunyolewa nywele ambazo atazijutia. "Una uhakika?"

"Inua kikombe."

Kikombe kikainuliwa. Kinyozi alijitahidi kusimulia kifo kile kwa heshima, lakini alipofika kwenye bawaba sauti ilimgoma, akaishia kusema, "Basi, ameanguka."

Mezani pale shujaa akifa karatasi yake haichanwi. Hukunjwa na kushonewa ndani ya kochi linalofuata kutoka karakana, kati ya sponji na gunia, kisha kochi hupelekwa kwa mwenyewe. Mji ule una sebule nyingi ambamo watu wanakunywa chai na kugombana juu ya migongo ya wachawi na wapiga mikuki, wala hawajui. Kwa miaka yote hiyo Hakimu alizika mashujaa wa wenzake. Jumatatu asubuhi alimzika wa kwake katika kiti cha mtu mmoja cha bibi fulani mwenye haraka, aliyekuwa akipiga simu kila saa. Alimlaza kifudifudi, akaweka sponji, akavuta kitambaa. Mara hii hakuna msumari uliopinda. Bibi alipokuja alikikalia kiti palepale, akajitikisa, akasema, "Mbona kigumu hapa katikati?"

"Kitazoea, mama," Hakimu alisema.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshazipata habari.

"Binamu yako amenipigia. Pole na msiba."

"Asante."

"Amesema muuaji ni wewe."

"Ni sumu."

"Sumu ya nyoka au ya roho?" Alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. "Si ungekubali tu yule dada kasema kweli? Ungekufa?"

"Tatizo sikufa mimi."

Mkewe akacheka, kisha akaacha kucheka, shati la mumewe likining'inia mikononi mwake. "Unajua, mimi hujawahi kunionea wivu. Nilipokwenda semina na yule bosi anayenukia kama duka la manukato, begi ulinifungia wewe. Ukaniwekea na mwavuli."

Hakimu, aliyeweza kuamua juu ya kunguru na laana, hakupata hata kanuni moja ya kushika. "Mvua ilikuwa inanyesha," alisema mwishowe.

"Ndiyo," mkewe akajibu, akaendelea kukunja.

Jumapili ilipofika alikwenda na karatasi tupu. Wiki nzima alijaribu kuandika shujaa mpya na kila aliyemwandika alitoka amebeba kitu mgongoni. Akakaa kwenye kochi lake, hakimu asiye na mtu ndani ya simulizi. Alitazama wengine wakiingia tena pangoni. Mganga wa mfamasia alirudi kuuvuta mwili wa Mbeba Mlango usiliwe na wadudu. Akaivua pete ya umande kwenye kidole cha maiti, akaivaa. Hapo nyoka wa mawe akamwuma. Dadu zilikuwa mbaya siku ile, na walipopigana kurudi mlangoni mwa pango mganga alikuwa amebakiwa na pumzi moja.

"Zamu ya mganga," Kinyozi alisema, kisha akafumba macho. "Jamani."

Kikombe kilishuka polepole mno. Lakini hapakuwa na cha kuuliza. Sheria ilikuwepo, ya wiki iliyopita, na sauti iliyoitamka ilikuwa ya Hakimu. Pete iliingia kidoleni kwanza au sumu mwilini?

"Pete," Binamu akadakia. "Aliivaa kabla ya kuumwa! Pete ilitangulia! Amepona!"

"Aliivua," mfamasia akasema. "Mmesahau. Nyoka alipomwuma mpiga upinde wako, nilikuvisha wewe nikakuponya, ndipo nikaivaa upya. Wakati huo nilikuwa nimeshaumwa."

Ilikuwa kweli. Hakuna mwingine aliyekumbuka. Angenyamaza, angeishi.

Hakimu alisikia utamu ukimpanda kifuani, na haukuwa kitu cha kujivunia. Aliuacha uendelee kupanda. Kisha, ulipofika kooni, ulikuwa umegeuka nyongo. Alifungua kinywa. Alitaka kusema kwamba hukumu ile haikutoka kichwani mwake, kwamba ilitoka mahali pengine pa chini zaidi, na kwamba inaweza kufukuliwa mara hii moja.

"Usiibadilishe kwa ajili yangu, kaka," mfamasia alisema kabla hajaanza. "Mbeba Mlango alikufa kwa sheria hiyo. Haiwezekani yeye afe kwa sheria na mimi niishi kwa huruma."

Akakiinua kikombe mwenyewe. Akaikunja karatasi yake mara mbili, akampa Hakimu. "Mtafutie kochi la watu wasiogombana." Macho yalimlengalenga kidogo, akayapangusa kwa kiganja, akacheka, na alipomaliza kucheka alikuwa ameshavuta karatasi mpya na anauliza nani ana kalamu.

Hakimu alimwonea wivu kuliko siku zote. Hukumu za mfamasia sasa zilikuwa kitu kidogo. Alimwonea wivu mkono ule uliokunja karatasi bila kutetemeka, na jinsi alivyoweza kupoteza kitu mbele za watu kisha akabaki mzima. Yeye alikuwa ameshika karatasi ya mganga kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

"Haya," Kinyozi alisema, akikohoa ili sauti irudi. "Maiti wawili, watu wapya wawili. Mtakutana njia panda nje ya pango. Nani anakuja kuwa nani? Dada, wewe kwanza."

Mfamasia aliinua kalamu.

"Mimi ni mganga," Hakimu akadakia haraka, kabla mfamasia hajasema.

Binamu alimtazama. Kinyozi alimtazama. Mfamasia aliishusha kalamu, akavuta pumzi ndani na kucheka, kisha akamsogezea kalamu.

"Chukua," alisema. "Ila uganga si kazi rahisi, nakuonya. Mgonjwa wako wa kwanza nitakuwa mimi."