Vidole Kumi, Jogoo Mmoja

Wiki jana nilijiaibisha mbele ya watu, na hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimepata kazi ya kulinda stoo ya shule hapa Machakos, mradi nipeleke cheti cha polisi, kile tunaita good conduct. Nikajaza fomu mtandaoni, nikalipia, nikaichapisha, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole.

Hapo ndipo uoga ulinishika. Kwetu Kola nilikuwa nimeambiwa kwamba ukishapakwa wino, kompyuta inatoa kila kitu umewahi kufanya.

Polisi akashika mkono wangu. "Legeza, kijana. Mbona unatetemeka? Kuna nini?"

Nikajua ameshaona.

"Afande, ni jogoo mmoja tu," nikasema kwa sauti. "Wa jirani yetu, Mama Mwende. Krismasi ilinikuta bila kitu."

Akaniangalia, akaangalia fomu. "Mimi nachukua alama tu."

Nikageuka kuangalia foleni. Nyuma yangu alikuwa Mama Mwende mwenyewe. Ndiye aliyenitafutia hiyo kazi, na alikuwa ameshika sabuni na chupa ya maji, alizoniletea ninawe wino.

"Woi, Mutua," akasema polepole. "Na si ni wewe ulituongoza kwa maombi tukimtafuta huyo jogoo?"