Kambare Niliyemrudisha Mtoni

Nichekeni tu, nimestahili. Mzungu mtafiti wa samaki alinituma Mto Gucha nimletee kila aina inayopanda kutoka ziwani, aitie kwenye chupa zake za dawa, ajue kama ukuta wa kuzuia maji utawafungia samaki njia. Niliikamia kazi hiyo. Hata mvua inyeshe, mtego wangu ulikuwa mtoni. Ila kambare hana magamba, na mimi ni Msabato, kwa hiyo kila nilipomnasa nilimrudisha majini nikanawa mikono.

Jana mtafiti akamwambia chifu barazani, "Kambare hawapandi huku. Ukuta ujengwe."

Mama yangu, Msabato kunishinda, akasimama. "Wapo tele! Nikiteka maji namwona huyu akiwarudisha."

Akanigeukia. "Mwanangu, kambare tumekatazwa kumla. Nani alikukataza kumtia kwenye chupa?"