Pepo Aliyejua Kupima Kiuno

Watoto wa mtaa ule walimjua Mama Sindano kabla hawajajua kuhesabu, na walimjua kwa upande wa matako. Miaka thelathini na mmoja alitawala chumba cha sindano cha zahanati. Mtoto akigoma kula, mama yake alisema tu, "Mama Sindano huyo yuko mlangoni," na sahani ikawa nyeupe. Sasa amestaafu, goti la kulia linamsumbua, watoto wale ni wanaume wenye vitambi, na bado wakikutana naye barabarani wanavuka upande wa pili, mkono mmoja nyuma.

Kila mwaka, wageni wa misheni walipofika kanisani kwake na fulana zao za kufanana na masanduku yao ya dawa, alilitoa gauni jeupe kabatini akalipiga pasi. Kambi ilikuwa shule ya msingi, na utaratibu aliupanga Mchungaji mwenyewe: darasa la kwanza kuandikishwa, la pili maombi, la tatu vipimo, la nne daktari. Kadi isiyogongwa muhuri wa maombi haikumfikia daktari hata kama mwenye kadi amebebwa.

"Roho kwanza, mwili unafuata," Mchungaji alipenda kusema, akigonga muhuri kwa mkono uliokwisha kubariki ndoa mia mbili.

Mwaka juzi Mama Sindano alimshauri vipimo vitangulie. Mchungaji alimjibu kwamba ataliweka jambo hilo kwenye maombi. Bado lilikuwa huko.

Siku ile ya kambi, kwenye saa saba mchana, Mama Sindano alikuwa darasa la tatu akimfunga mama mmoja kitambaa cha presha mkononi. Mama wa watu midomo ilikuwa imekauka kama ganda la karanga.

"Umekunywa maji leo?"

"Maji? Tumefunga, mama. Mpaka ibada ya saa tisa. Hukusikia Jumapili?"

Hakusikia. Jumapili alikuwa kitandani na goti lake. Mama yule akamsimulia. Daktari mgeni alikuwa ameandika kwamba wanaotaka kupimwa sukari waje bila kula asubuhi. Mchungaji alipolisoma tangazo hilo madhabahuni, aliona neema. Kama watu hawatakula, si bora waombe kabisa? Akatangaza mfungo wa kambi nzima, hakuna chai, hakuna maji. Matangazo mawili yakafungishwa ndoa pale pale kanisani, bila mtu kuuliza kama ni ndugu.

Mama Sindano akaacha kusikiliza. Alimkumbuka shemeji yake.

Shemeji alikuwa fundi cherehani, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno mengi kuliko uzi. Asubuhi alimwona kwenye foleni, shati limenyooka, akimpigia kelele: "Mke wetu! Leo ukinichoma kwa nguvu naenda kuoa nyumba nyingine!"

"Nani atakuchukua na hayo masikio?" alimjibu, na foleni nzima ikacheka.

Fundi yule alichoma insulini kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Mama Sindano ndiye aliyemfundisha, siku ya kwanza kwa kuchoma chungwa, siku ya pili kwa kuchoma tumbo. Alimkaririsha kama shairi: choma, kisha kula. Na leo, kwa vile alivyomjua, nusu ya kwanza amemtii shemeji yake, nusu ya pili amemtii Mchungaji.

Sasa ni saa saba kasoro. Zimepita saa sita na ushee na insulini tumboni bila hata tonge.

Hapo kelele zikapasuka darasa la pili. "Toka! Toka! Mwachie!" Na katikati ya kelele, sauti anayoijua.

"Inchi hamsini na mbili! Nani ameficha mkasi wangu?"

Mama Sindano alichukua mashine ya kupimia sukari, akasahau kwamba ana goti.

Darasa la pili lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Wanakwaya walikuwa wanaimba wakipiga makofi, na hapo mbele, chini ya ubao, wanaume wanne walikuwa wamemkandamiza fundi kwenye sakafu. Shati lake lililonyooka asubuhi sasa lilikuwa limelowa kama limetoka kwenye beseni. Anatetemeka, macho yanamtazama kila mtu na hayamwoni yeyote. Mchungaji amemwekea mkono kichwani, na fundi, kwa mkono mmoja aliouchomoa, anahangaika kumzungushia Mchungaji kiunoni futi isiyokuwepo.

"Hamsini na mbili! Kitambaa hakitoshi!"

"Mnasikia?" Mchungaji aliwageukia waumini, jasho likimtiririka. "Pepo wa dhihaka! Anadhihaki mtumishi!"

"Mchungaji, huyo ana sukari!" Mama Sindano alipiga kelele. "Imeshuka! Anataka kufa!"

Kwaya ikapandisha sauti. Alipenya kwa viwiko, akawakanyaga watu vidole, wengine aliowahi kuwachoma wakampisha wenyewe. Akapiga magoti, goti likalia, akakamata kidole cha fundi.

"Mshikeni hivyo hivyo," aliwaambia wale wanaume. "Hapo mmenisaidia."

Tone la damu. Mashine ikafikiri. Sekunde tano, na Mama Sindano katika maisha yake hajawahi kuona tano ndefu kama ile. Mbili nukta moja, na mtu hatakiwi kushuka chini ya nne.

"Kamwite daktari," alimwambia mhudumu wa mlangoni. "Mbio!"

Mhudumu akasita. "Kadi yake imegongwa muhuri?"

"Utagongwa wewe! Kimbia!"

Yule akakimbia. Lakini daktari alikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya milango miwili na watu wawili wenye orodha. Kichwa cha fundi kilianza kulegea, kelele zake zikashuka zikawa mnong'ono. Kwaya ikadhani ni ushindi. Mama Sindano alijua ni nini. Aliangaza chumbani: hakuna soda, hakuna chai, hakuna hata pipi. Watu mia wenye njaa na hakuna chembe ya sukari.

Isipokuwa mezani.

Kwenye meza ya mwalimu, chini ya kitambaa cheupe, palikuwa na sinia ya meza ya Bwana, tayari kwa saa tisa. Vikombe arobaini vya plastiki, vidogo kama vifuniko vya chupa, vimejaa juisi ya zabibu nzito, tamu mpaka inakwaruza koo. Alifunua kitambaa.

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti.

"Mama!" Mchungaji alisimama. "Hiyo imeshawekwa wakfu! Unajua unachofanya?"

Alijua. Miaka kumi na tisa alikuwa mama mlezi wa kanisa lile. Watu walitengwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na kesi nyingine aliziamua yeye.

"Shemeji," akamwambia fundi sikioni. "Meza mate. Meza nione."

Koo la fundi halikusogea.

"Meza, mshona viraka wewe! Au nikuoze hiyo nyumba nyingine?"

Likasogea. Akamwinua kichwa, akamgusisha kikombe cha kwanza mdomoni. Cha pili. Cha tatu kikamwagikia kifuani. Cha saba. Kwenye cha kumi na moja mtetemeko ulipungua, na cha kumi na nne kilipoisha fundi alifumbua macho, akayatembeza taratibu mpaka yakatua usoni pa Mama Sindano.

"Mke wetu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mbona unaninywesha mbele ya watu?"

Darasa likalipuka. Mchungaji alishanyakua kipaza sauti. "Pepo ametoka! Mmeona wenyewe!" Haleluya zikatikisa mabati.

Mama Sindano alitamani kumwachia. Shemeji yuko hai, kila mtu na achukue sifa anazozitaka, na labda kelele hizo zingezika habari ya sinia. Ila alikumbuka foleni iliyopinda uwanjani. Watu mia mbili na zaidi, wote wamelisikia tangazo lile lile.

Akasimama kwa kushikilia dawati, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mchungaji kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

"Nani mwingine amechoma insulini leo, au amemeza dawa ya sukari, na hajala?"

Kukiri ugonjwa mbele ya kanisa si jambo dogo, na kukiri baada ya kuona mwenzako anaitwa pepo ndiyo kabisa. Kisha bibi mmoja dirishani akainua kidole. Mwingine nyuma. Watatu. Sita. Na mzee wa kanisa, ambaye muda wote alikuwa ameushika mguu wa fundi, akautazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa unatetemeka, na mguu alishauachia.

"Kunywa, mzee," Mama Sindano alimwambia, akimnyooshea kikombe. "Na waliobaki uwanjani je? Mimi goti limekufa."

Mchungaji aliitazama sinia, akamtazama mzee wake anayekunywa kwa mikono miwili, akatazama nje. Akaibeba sinia.

"Niseme maneno ya meza kwanza?" aliuliza, kwa sauti ambayo kanisa lilikuwa halijawahi kuisikia.

"Sema ukitembea, Mchungaji."